Nne Ishirini

Mjukuu wangu anasoma sekondari, na shuleni kwao hufundishwa Kifaransa. Likizo iliyopita alikuja kwangu Songwa na daftari lake. Jioni moja tulikuwa tumeketi nje tukichambua choroko, akaanza kunihesabia kwa sauti. Moja hadi ishirini alipita bila taabu. Thelathini, arobaini, hamsini, sitini, zote akazitaja kwa mwendo mmoja, kama mtu anayeshuka mteremko kwa baiskeli. Alipofika sitini na tisa akasimama.

"Babu," akaniuliza, "hivi hawa Wafaransa wakishafika sitini huwa wanachoka?"

Nilicheka naye. Lakini moyoni swali lile lilinigusa pabaya, kwa maana hesabu hiyo hiyo iliwahi kunitia aibu mbele ya watu, nami sikuwahi kumsimulia mtu yeyote nyumbani.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuisoma lugha hiyo, yafaa nieleze kwanza. Mfaransa analo neno la sitini, soixante, lakini hana neno la sabini. Akitaka sabini husema soixante-dix, yaani sitini na kumi. Sabini na moja kwake ni sitini na kumi na moja, na huendelea hivyo hadi sabini na tisa. Hapo hubadili tena mwendo. Themanini ni quatre-vingts, yaani ishirini mara nne. Tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi juu yake. Basi anayetaka kusema tisini na tisa hana budi kutamka nne, ishirini, kumi na tisa kwa pumzi moja: quatre-vingt-dix-neuf. Kabla hajaitaja namba hiyo, mwanafunzi amekwisha kuzidisha mara moja na kujumlisha mara mbili.

Haya ni mabaki ya hesabu ya zamani iliyokwenda kwa ishirini ishirini. Mjini Paris iko hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, maana yake ishirini mara kumi na tano. Ilianzishwa na Mfalme Louis wa Tisa katika karne ya 13 ili kuwatunza vipofu 300. Zidisha 15 kwa 20 utawapata wote. Karne zimepita, na jina bado liko pale pale.

Lakini si wote wasemao Kifaransa wanaokwenda hivyo. Wabelgiji husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, maneno mepesi yasiyomsumbua mtoto. Na kwa kuwa ni Wabelgiji waliotawala Kongo hadi mwaka 1960, na Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962, majirani zetu hao walirithi septante na nonante. Ila themanini, Wabelgiji waliiacha kama ilivyo kwa Wafaransa: quatre-vingts. Ziko sehemu za Uswisi ambako husema huitante, lakini neno hilo halikufika kwa majirani zetu. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwani humo ndimo nilimotumbukia.

Mwaka 1995 nilikuwa karani wa ghala la tajiri mmoja mjini Shinyanga. Tulinunua mpunga na mchele, na wafanyabiashara wengine walituachia mizigo yao huku wakisubiri nafasi ya behewa la kwenda Tabora na Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi yao wakati huo ikiitwa Zaire. Watu wa mashariki ya nchi ile huzungumza Kiswahili kama sisi, lakini wakifika kwenye namba aghalabu huhamia Kifaransa, kama vijana wetu wanavyohamia Kiingereza wakitaja bei. Kwa kuwasikiliza nikaokota namba zao. Nilijua quatre ni nne na vingt ni ishirini. Nilijua hata septante na nonante. Nami nilipenda kuzitaja mbele ya wachukuzi, wapate kujua kwamba mimi si karani wa hivi hivi.

Siku moja akaja mtu mzima mmoja, mpole, na lori la mchele. "Bwana karani," akasema, "nimekuletea magunia quatre-vingts. Nitayarudia nikipata behewa." Mimi kichwani nikapiga hesabu upesi: quatre ni nne, vingt ni ishirini, basi ishirini na nne. Nikaandika 24. Sikusimama kuhesabu, wala sikumuuliza. Wachukuzi wakayapanga magunia yake ubavuni mwa yetu, nasi hatukuandikiana stakabadhi, kwa kuwa tulizoea kuaminiana kwa neno.

Alirudi baada ya siku tisa. Nikafungua kitabu nikamwambia magunia yake 24 yako tayari. Akanitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Hapana, ndugu yangu, niliacha quatre-vingts." Nikamjibu, "Ndiyo hayo hayo! Quatre-vingts, ishirini na nne." Tukabaki tunarudishiana neno lile lile, kila mmoja akiamini kuwa mwenziwe amekwisha kukubali, ilhali kati yetu palikuwa na magunia 56.

Watu wakaanza kukusanyika. Nikapandisha sauti, nikapiga kitabu kwa kiganja na kusema kwamba kitabu hakidanganyi. Mmoja katika wale waliosimama akasema wageni ndivyo walivyo, huja na moja na kudai kumi. Sikumkanya. Kwa kweli, maneno yake yalinipa nguvu.

Yule mzee hakugombana. Alimwendea mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, akanunua kiasi, akachutama mbele ya miguu yangu. Akahesabu karanga ishirini kwa Kiswahili, taratibu, akazifanya fungu. Akahesabu ishirini nyingine, na nyingine, na nyingine, mpaka yakawa mafungu manne. Akagusa fungu moja akasema, "Vingt." Kisha akayaonyesha yote kwa vidole vinne: "Quatre. Vingts."

Mpaka leo nayaona mafungu yale. Tajiri akaamuru rundo zima lihesabiwe upya. Tukatoa yaliyokuwa yetu kwa mujibu wa kitabu, yakabaki 80, hapakuzidi wala hapakupungua. Nilimwomba radhi yule mzee mbele ya wale wale nilioropoka mbele yao. Hakunilaumu kwa maneno mengi. Alisema neno moja tu: "Ungeniuliza."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza. Tuseme yule mzee angekuwa mnyonge zaidi, akakata tamaa na kuondoka na magunia yake 24. Je, mimi ningekuwa mwizi? Nia ya kuiba sikuwa nayo, wala gunia hata moja lisingeingia nyumbani kwangu. Usiku ningelala usingizi mzuri, nikijisifu kwa kulinda mali ya tajiri. Wapo watakaosema kwamba kosa lisilo na nia si dhambi, bali ni bahati mbaya. Zamani nami nilisema hivyo. Lakini magunia 56 yasingejali nia yangu. Yangekuwa yametoka mkononi mwa mwenye mali na kuingia kwa asiye na haki nayo, na aliyeyavusha ni kalamu yangu.

Naona kuna kutojua kwa namna mbili. Iko ya yule ambaye hajui na anajua kwamba hajui. Huyo huuliza, na wahenga walikwisha kusema kuuliza si ujinga. Kama nisingejua Kifaransa hata neno moja, ningemwambia yule mzee, "Baba, hayo ni mangapi kwa Kiswahili?" na mambo yangeishia hapo. Namna ya pili ni ya yule mwenye nusu ya jambo, naye amekwisha kulichukulia kuwa zima. Sikukosea kwa kukosa elimu. Nilikosea kwa sababu nilikuwa na elimu kidogo na niliipenda mno. Kutojua kwa namna hii, nadhani, hakumwondolei mtu lawama, kwa kuwa mlango wa kuuliza ulikuwa wazi na yeye ndiye aliyeufunga.

Tena liko jambo la pili. Tumefundishwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli. Lakini nilijifunza kwamba mali huweza kupotea ndani ya daftari vile vile, na hapo hupotea vibaya zaidi, kwa sababu kila mtu huliamini daftari. Kati ya mimi na yule mzee, mwenye kalamu alikuwa mimi. Kosa lake lingeonekana mara moja, na wale waliosimama wangemcheka. Kosa langu liliitwa ushahidi. Basi aliyeshika kalamu ana deni kubwa kuliko asemaye kwa mdomo: imempasa ahakikishe mara mbili pale ambapo mwenziwe angetosheka na mara moja.

Mjukuu wangu aliposema kwamba hesabu ya Wafaransa imepinda, nilimwomba atazame na ya kwetu. Sisi Wasukuma saba tunaiita mpungati na tisa ni kenda. Kiswahili kimebaki na tano, nane na kumi za Kibantu, lakini sita, saba na tisa kimezichukua kwa Waarabu, pamoja na makumi yote toka ishirini hadi tisini. Laki tuliipata kwa Wahindi, milioni kwa Wazungu. Hesabu yetu ni kama shuka lenye viraka vya nguo nne, nasi tunajifunika bila kuona mshono.

Nikamwambia pia atazame saa zetu. Mgeni huandikiwa kwenye tiketi kwamba basi litaondoka 7:00, naye akifika stendi husikia watu wakisema saa moja. Kwake hilo ni fumbo. Kwetu jua limechomoza na siku imetimiza saa yake ya kwanza, kuna ubishi gani? Nikamwuliza tofauti ya mia mbili na mia na mbili. Akacheka. Kwa mtu asiyezoea lugha yetu, hiyo "na" ndogo ni pumzi tu, lakini akiidondosha hesabu inakwenda kombo kwa 98. Kumbe nasi tunayo mitego yetu, ila hatuioni kwa kuwa tulizaliwa tukiiruka.

Ndiyo maana siku hizi sipendi kusikia mtu akisema kwamba kabila fulani au taifa fulani halijui hesabu. Yule mzee alijua hesabu yake barabara. Aliyepungukiwa ni mimi niliyemhesabia kwa kanuni zangu, kisha nikamwita mwongo kwa kuwa jibu lake halikulingana na langu.

Jioni ile tuliacha daftari tukatumia choroko. Mjukuu wangu akapanga mafungu manne ya ishirini juu ya ungo, akasema quatre-vingts. Akaongeza fungu la kumi pembeni, quatre-vingt-dix. Kisha tisa, moja moja, hadi tisini na tisa, naye safari hii hakusimama. Hata almasi ya jirani zetu wa Mwadui hupimwa kwa karati, kipimo ambacho jina lake lilitokana na mbegu za mti. Binadamu wakitofautiana kwa maneno, punje huweza kuwapatanisha, mradi pawepo mmoja aliye tayari kuchutama.

"Na mia, Babu?" akaniuliza.

"Cent," nikamwambia. "Neno moja tu."

Akaweka choroko ya mwisho juu ya ungo. Kisha nikamsimulia habari za yule mzee na karanga zake, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuficha kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi.