Dubu na Neno Baya

Wako watu wanenao ya kuwa katika hadithi za wanyama kila mnyama ni alama ya tabia moja tu: mbweha ni hila, mbwa-mwitu ni ulafi, dubu ni nguvu pasipo akili. Lakini tukizitazama hadithi za Wabulgaria, ambazo tangu mwaka 1889 zimepigwa chapa nyingi katika mfululizo mkubwa wa vitabu huko Sofia, twaona ya kuwa jambo hili si jepesi hivyo.

Mbwa-mwitu amepigwa sana na watu, naye alifuata shauri la mbweha. Mbweha, aliye mzima kabisa, ajifanya mgonjwa. Basi mbwa-mwitu amhurumia, ambeba mgongoni; na njiani mbweha aimba polepole ya kuwa mgonjwa ambeba mzima. Tena hawa wawili huitana kwa jina la msimamizi wa ubatizo, undugu ulio mzito kwa Wabulgaria hata kanisa lao la Kiorthodoksi huuhesabu kuwa kizuizi cha ndoa. Hapa mlafi ndiye mwenye huruma, na mwongo hapati adhabu. Watoto hucheka, sisi hatukuweza kucheka sana.

Sasa tumsikilize dubu, aitwaye Baba Metsa, yaani Bibi Dubu (kwao neno “baba” ni bibi, si mzazi wa kiume). Alifanya urafiki na mkata kuni, akamkaribisha kwake kwa wema. Yule mtu alipokuwa akiaga alisema kwamba yote yalikuwa mazuri, ila dubu ananuka. Dubu akamwamuru ampige shoka kichwani, la sivyo atamla. Akampiga, damu ikatoka, wakaachana. Siku nyingi zikapita, wakakutana tena msituni. Mtu akauliza habari za jeraha. Dubu akajibu kwamba jeraha limepona, hata amelisahau. Lakini neno lile hajalisahau.

Kwa nini alitaka apigwe? Twadhani alitaka kumpa yule mtu mizani: majeraha mawili, yote ya mtu mmoja, yapimwe pamoja.

Walakini liko jambo linalotusumbua zaidi. Neno la mkata kuni lilikuwa kweli, maana dubu hunuka. Mbweha asema uongo na kupanda mgongoni mwa mwenziwe. Mkata kuni asema kweli na kupoteza rafiki. Je, Wabulgaria huidharau kweli? Hatuamini hivyo. Kweli ile haikuombwa na mtu, wala haikuwa na faida kwa dubu, kwa kuwa hawezi kubadili harufu yake. Tena ilisemwa na mgeni mlangoni pa yule aliyempokea.

Wengine husema dubu alikosa kwa kuliweka neno moyoni. Sisi twasita kumhukumu. Katika masimulizi tuyajuayo, siku ile ya pili hakumdhuru yule mtu, ingawa walikuwa wawili tu msituni. Aliulizwa habari za jeraha, naye akajibu.