Ngano, Magugu na Jirani Asiyetuvumilia

Jamii inayompa kila mtu uhuru wa kuamini na kusema, je, impe uhuru huohuo mtu anayetaka kuwanyang'anya wengine? Swali hili si la wasomi peke yao. Tunakutana nalo sokoni, kwenye daladala, katika makundi ya simu, na hata katika maongezi yetu nje ya kanisa baada ya ibada. Tukimnyamazisha mtu huyo, tunaonekana kutenda lilelile tunalomlaumu nalo. Tukimwacha, huenda siku moja akatunyamazisha sote.

Mwanafalsafa Karl Popper alilitafakari jambo hili kwa uchungu. Alizaliwa Vienna mwaka 1902, wazazi wake wakiwa na asili ya Kiyahudi lakini wamekwisha kujiunga na Kanisa la Kilutheri. Aliondoka Austria mwaka 1937, kabla Wanazi hawajaitwaa nchi hiyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1945 alionya kwamba uvumilivu usio na mpaka wowote huishia kuangamia. Hata hivyo, hakutaka kila neno baya lipigwe marufuku. Alishauri kwamba maadamu wenye chuki wanaweza kujibiwa kwa hoja, si busara kuwafunga midomo. Haki ya kuwazuia ibaki akiba kwa siku watakapoikataa hoja na kushika silaha.

Sisi Walutheri tunapaswa kulipokea onyo hilo kwa unyenyekevu. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwamba uzushi haushindwi kwa upanga, kwa kuwa ni jambo la kiroho, na silaha yake ni Neno la Mungu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1543, Luther huyohuyo aliwashauri watawala wachome masinagogi ya Wayahudi na kubomoa nyumba zao. Katika karne ya 20 Wanazi waliyatumia maandiko hayo. Mwaka 1984 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likikutana Budapest, liliyakataa. Tunajifunza nini? Kwamba asiyevumilia wengine si lazima awe wa upande wa pili. Anaweza kuwa baba yetu katika imani. Basi kanuni yoyote tunayotaka iwafunge wengine, tuwe tayari itufunge na sisi.

Katika Mathayo 13 Bwana Yesu anasimulia habari za watumwa waliotaka kuyang'oa magugu. Mwenye shamba aliwakataza, wasije wakang'oa na ngano. Shamba hilo, Yesu anaeleza, ni ulimwengu, na kazi ya kutenganisha si yetu. Kwa hiyo anayesema kwamba imani yetu ni uongo tumwache aseme. Kila Jumapili nasi tunatangaza kwamba Kristo ndiye njia, na jirani yetu Mwislamu hakubaliani nasi, lakini anatuacha tukaimba na kuhubiri. Uhuru tunaoufaidi una gharama, na sehemu ya gharama hiyo ni kusikia maneno yanayotuchoma moyo.

Lakini mfano huo hauwakatazi watumwa kumzuia mtu anayekuja shambani na kijinga cha moto. Nchini Rwanda redio ya RTLM ilianza matangazo mwaka 1993 kwa muziki na mizaha, ikachanganya humo dharau dhidi ya Watutsi. Katika mauaji ya mwaka 1994 ilitaja watu na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, hapa kwetu, iliwatia hatiani viongozi wawili waliohusika na redio hiyo. Maneno yale hayakuwa tena maoni. Yalikuwa sehemu ya mauaji.

Tukumbuke pia Mbagala, Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana kuhusu Kurani, na mmoja akaikojolea. Umati ulikwenda polisi kudai mtoto huyo, polisi wakakataa kumtoa, na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Viongozi wa makanisa waliwasihi waumini wasilipize kisasi. Hapo tunaona kazi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Serikali, kama Warumi 13 inavyofundisha, ina wajibu wa kumlinda mtoto yule na kuwashtaki waliochoma. Kanisa lina wajibu wa kutomchukia jirani.

Mpaka wetu, basi, ni huu: anayetukosoa tumjibu, anayetutukana tumwonye na kumvumilia, anayechochea watu wadhuriwe azuiwe kwa sheria, wala si kwa umati. Wapo watakaosema kwamba tumechelewa mno, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa huzibwa kwa mafundisho, kwa kutembeleana msibani na sikukuu, na kwa kukanusha uvumi mapema. Tukianza na jela, kesho mtawala atamwita kila anayemkosoa mchochezi, na sisi wahubiri tutakuwa miongoni mwao.

Je, tufanyeje na msharika anayewafundisha vijana wasinunue duka la jirani kwa sababu ya dini yake? Tusimfukuze. Kiti chake kanisani anacho, na meza ya Bwana si yetu ya kumfungia kwa hasira. Ila kipaza sauti asipewe, wala darasa la kipaimara. Wazee wa kanisa wamwendee nyumbani, wakae naye, wamsikilize na kumpinga kwa Neno. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kumfukuza, na huenda asibadilike. Mwenye shamba hakuahidi kwamba kungoja mavuno kungekuwa kwepesi; alituambia tu kwamba ngano ni yake.