Ua na Haki ya Jirani

Yako maswali ambayo mtu huyadhani ni ya wafugaji na wakulima tu, kumbe ni ya kila mwenye jirani. Mojawapo ni hili: mtu akiijua mipaka ya ardhi yake, akaizungushia ua kwa mali yake, wala asipite hata shubiri moja ndani ya ardhi ya mwenzake, je, amekwisha kuitimiza haki ya jirani? Na upande wa pili: mnyonge aliyezungukwa na ardhi ya tajiri, akafungiwa njia ya kwendea majini na malishoni, je, ana ruhusa ya kuuvunja ua huo kwa mkono wake? Maswali haya hayana budi kwenda pamoja, kwani aghalabu huulizwa siku moja, na watu wawili wanaotazamana kwa hasira katika pande mbili za ua mmoja.

Tumechagua kuyatazama kwa mfano wa wafugaji wa ng'ombe wa magharibi ya Marekani. Si kwamba wao ndio wa kuigwa kuliko watu wote, bali khabari zao zimeandikwa, sharia zao zinajulikana, na yaliyowapata yana mafunzo kwa mwenye nguvu na kwa mnyonge.

Hapo zamani, katika mbuga za Texas na za majimbo ya jirani, ng'ombe waliachwa wakenda watakako, na kila mtu aliwatambua wake kwa chapa ya moto. Desturi ya Uingereza ilikuwa mwenye mnyama amzuie mnyama wake. Lakini huko mbugani mambo yaligeuka, ikawa mwenye mimea ndiye wa kuizungushia ua mimea yake. Miti ilikuwa haba, na ua wa mbao ulikuwa ghali, kwa hivyo mbuga zikabaki wazi. Kisha mwaka 1874 Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hati ya kumhifadhia uvumbuzi wake wa seng'enge yenye miba. Haikupita miaka kumi ila mbuga zile zilikuwa zimekatwa vipande vipande.

Wenye mali ndio walioweza kununua seng'enge nyingi. Wako waliozungushia ardhi waliyoinunua kwa halali, na hao hawana lawama. Lakini wako pia waliozungushia pamoja nayo ardhi ya umma, na vipande vya wanyonge waliokuwa katikati, na visima, na njia za watu za kwendea shuleni na makanisani. Ulipokuja ukame wa mwaka 1883, wenye ng'ombe wachache waliwatazama wanyama wao wakifa kwa kiu huku maji yakionekana upande wa pili wa seng'enge. Wakaanza kutoka usiku na koleo, wakikata ua maili kwa maili, na wengine wakachoma malisho. Khasara ya mwaka huo katika Texas peke yake ilikisiwa kuwa dola milioni ishirini.

Gavana wa Texas, John Ireland, akaliita baraza la kutunga sharia likutane Januari 1884. Sharia ikatoka kwa pande zote mbili. Mwenye kukata ua afungwe mwaka mmoja hata mitano. Mwenye kuzungushia ua ardhi ya umma au ya mtu mwengine bila ya ruhusa, naye ana kosa, na auondoe ua wake katika muda wa miezi sita. Na mwenye ua unaokata njia ya watu aweke lango kila maili tatu, tena alitunze.

Hebu msomaji azitazame mizani zile. Sharia iliyakiri makosa yote mawili, na hilo ni jema. Lakini kosa la mnyonge iliita jinai kubwa, na kosa la mwenye nguvu iliita kosa dogo, ikampa na muda wa kujirekebisha. Yule aliyeifunga njia ya kijiji kizima hakuhesabiwa sawa na yule aliyeifungua kwa koleo. Twaona hapa kwamba sharia ya watu yaweza kuitambua dhulma, na papo hapo ikaipima kwa mizani iliyoinama.

Je, kuinama kwa mizani kulimhalalishia mnyonge koleo lake? Hapana, na sababu zake si moja. Mkono unaofanya kazi gizani haupambanui. Walioanza kwa kukata ua wa dhalimu waliishia kukata hata ua wa watu waliozungushia ardhi yao wenyewe, na miongoni mwao wamo wanyonge mfano wao. Na jengine, mwenye haki akishaharibu mali usiku, asubuhi hatajwi tena kwa haki yake, bali kwa uharibifu wake. Tajiri aliyekuwa mshitakiwa huwa sasa ndiye mshitaki, na ile njia iliyofungwa husahauliwa na kila mtu.

Ama lile swali letu la kwanza, la mtu aliyesimamisha nguzo zake zote ndani ya ardhi yake, lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1897. Serikali ya huko ilikuwa imeigawa ardhi kando ya reli kama ubao wa dama: kipande cha maili mraba cha reli, na kinachofuata cha umma. Mtu mmoja katika Colorado, jina lake Daniel Camfield, alivipata vipande vya reli, akajenga ua kwa hila kubwa: kila nguzo i ndani ya ardhi yake, lakini ua ulipokwisha ulikuwa umezifungia ndani yake ekari zipatazo elfu ishirini za umma. Akasema: nimekosa nini, nami sikuigusa ardhi ya mtu? Mahakama ilimjibu kwa kutazama tendo linafanya nini, wala si nguzo imesimama wapi. Ikaamuru ua uondolewe, kwa mujibu wa sharia ya mwaka 1885 iliyokataza kuifungia ardhi ya umma.

Wala mtu asidhani kuwa mambo hayo yamekwisha na watu wake. Mwaka 2021 wawindaji wanne walifika Elk Mountain katika Wyoming, ambako ubao ule wa dama ungalipo. Walitaka kutoka kipande kimoja cha umma kuingia cha pili katika pembe vinapokutana, nao wakaweka ngazi juu ya pembe ile wasiikanyage ardhi ya mwenye ranchi. Walishitakiwa kwa jinai, na mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Mwenye ranchi akawadai pia fidia ya zaidi ya dola milioni saba, kwa hoja kwamba wamepita katika hewa iliyo juu ya ardhi yake. Mwaka 2023 jaji aliwapa haki wawindaji. Machi 2025 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo, ikitegemea sharia ile ile ya 1885 na kesi ile ile ya Camfield. Na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufani ya mwenye ranchi. Maelfu ya ekari za watu wote yalikuwa yamefungwa kwa pembe isiyozidi upana wa unyayo.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Kuwa na ardhi kubwa si dhambi, na si kila mwenye ardhi kubwa ni dhalimu. Naye ana taabu zake: lango huachwa wazi na wapitao, ng'ombe wake wakatoka njiani, fahali mgonjwa wa jirani huingia katika kundi lake, moto wa mtu mzembe hula malisho yake ya mwaka mzima. Mwenye kutaka njia katika ardhi ya mtu yampasa afunge lango nyuma yake. Asiyefanya hivyo ndiye anayempa jirani mgumu sababu ya kuwa mgumu zaidi.

Vipi basi watu wanaweza kukaa pamoja? Mwalimu wa sharia wa Marekani, Robert Ellickson, alikwenda kuwachunguza wafugaji wa Shasta, kaskazini ya California, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1991. Alikuta kwamba ng'ombe wakiingia shamba la mtu, majirani hawaendi mahakamani, na wengi wao hata hawaijui sawasawa sharia inasema nini. Wanakwenda kwa ujirani. Mwenye shamba hupeleka khabari, mwenye ng'ombe huja upesi kuwachukua na kuomba radhi, na kila mmoja huweka moyoni hesabu ya wema aliofanyiwa ili aulipe siku nyengine. Ua wa pamoja huujenga kwa shirika, na mwenye ng'ombe wengi hutoa zaidi. Au mmoja hutoa nguzo na seng'enge, na mwengine hutoa kazi ya mikono. Asiyefuata desturi hiyo kwanza husemwa, kisha huonywa, na mahakama huwa ndiyo njia ya mwisho kabisa.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili si geni. Katika Sura ya Al-Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wameeleza kuwa Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba, na Sulaiman akaona njia iliyo bora: mwenye shamba apate maziwa na sufi za kondoo, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arejeshewe mali yake. Fidia ikapatikana, na hapana aliyefilisiwa. Na Mtume (s.a.w.), alipoletewa shauri la ngamia aliyeharibu bustani ya watu, aliigawa dhima: wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawazuie usiku. Hakumbebesha mmoja mzigo wote.

Na Sayyidna Umar (r.a.), alipomweka mlinzi wa malisho ya dola, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Awf na Ibn Affan, matajiri wawili wakubwa. Si kwa kuwachukia, kwani walikuwa katika wabora wa masahaba. Bali wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurejea, na maskini wake wakifa hana pa kurejea ila kuja kulia na watoto wake. Hapa ndipo penye jawabu la swali letu. Mipaka hutwambia mali ni ya nani. Haitwambii nani atakayeumia. Na kadiri ardhi ya mtu inavyozidi upana, ndivyo wajibu wake wa kutazama atakayeumia unavyozidi uzito.

Huenda msomaji wa mjini akasema: mimi sina ranchi wala seng'enge. Lakini ana ukuta unaogusana na ukuta wa mwenziwe, na mfereji wa maji ya mvua, na kichochoro ambacho wazee walikiacha ili wanawake na majeneza yapate kupita. Anayejenga baraza lake juu ya kichochoro hicho kwa kuwa hati yake yamruhusu ni ndugu yake Camfield. Na katika pwani yetu, ambako tangu sharia ya hati za ardhi ya mwaka 1908 wengi wamekaa juu ya ardhi ambayo hati yake i mkononi mwa mtu mwengine, hapana asiyejua kuwa karatasi na haki yaweza kuwa ni vitu viwili.

Basi latupasa nini? Kwanza, mipaka ijulikane kabla ya ugomvi: majirani watembee pamoja juu ya mstari wao, pamoja na mpima ardhi na mashahidi, na waliyoafikiana yaandikwe. Pili, gharama ya ua igawanywe kwa kadiri ya manufaa ya kila mmoja. Tatu, mnyama aliyepotea ahifadhiwe na mwenyewe apelekewe khabari, wala asipigwe wala asifichwe. Na mwenyewe aje upesi, alipe kilichoharibika. Nne, palipo na njia au maji ya watu, pawe na lango. Tano, jirani akikataa yote haya, asemezwe faraghani, kisha mbele ya wazee, kisha kwa barua, kisha mahakamani. Na wanyonge waende pamoja, kwani mmoja mmoja huchoshwa na gharama akaacha haki yake njiani. Wale wawindaji wa Wyoming walingoja miaka minne, nao walishinda mchana, mbele ya watu, bila ya kukata hata uzi mmoja wa seng'enge.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani ambao watu wamesalimika nao, katika pande zote mbili za ua.