Stakabadhi na Deni

Maandishi ni shahidi asiyelala. Wahenga walisema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na katika maneno hayo machache waliweka elimu kubwa ya biashara na ya maadili pia. Mtu husahau, husafiri, hufa, au hutamani kisicho chake. Karatasi haisahau wala haitamani. Kwa hiyo taifa linapowataka watu wake waandike wanachouza, halidai jambo geni. Swali zito ni jingine: katika mapatano ya watu wawili, mmoja mwenye nguvu na mmoja dhaifu, ni nani aandike, aandike nini, na andiko hilo limfunge nani?

Swali hili linaishi Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama linavyoishi kwingineko Tanzania. Katika wilaya hizo serikali ni mnunuzi mkubwa. Shule huhitaji madawati na maharage, zahanati huhitaji vitanda, ofisi huhitaji karatasi. Auzaye vitu hivyo aghalabu ni mtu mdogo: seremala mwenye karakana ya mabati, mwanamke mwenye duka la nafaka, kikundi cha vijana wafyatua matofali. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianzisha mashine za kielektroniki za kutoa risiti, kwanza kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani; mwaka 2013 wajibu huo ulipanuliwa hadi kwa wengine walio chini yao. Mashine ikitoa risiti, habari za mauzo hufika kwenye Mamlaka. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa taifa wa ununuzi wa umma kwa njia ya kielektroniki, uitwao NeST, na atakaye kuiuzia serikali hana budi kujiandikisha humo. Naye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anapokagua halmashauri, huhesabu malipo yasiyo na risiti ya mashine kuwa ni dosari.

Wako wasemao ya kuwa mambo haya ni mzigo mtupu kwa mnyonge. Hawasemi kweli yote. Fedha inunuayo madawati ni ya mtoto atakayeyakalia, na pasipo ushahidi madawati 50 huweza kuandikwa 80. Risiti humlinda mtoto huyo. Humlinda pia seremala mwaminifu, ambaye bila ushahidi angeshindwa kila siku na mwenzake aliye tayari kuongeza bei ili faida igawanywe gizani. Wako wengine wasemao ya kuwa mashine ikishanunuliwa, uaminifu umepatikana. Hao nao wamepotoka. Mashine hushuhudia lile tu iliyoambiwa. Ikiambiwa uongo, huuchapa kwa wino safi na kuutia tarehe na saa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Achukuliwe seremala wa Ruangwa aliyekubaliwa kuiuzia shule madawati. Amenunua mbao kwa fedha yake, amewalipa vibarua, amekodi gari, amefikisha kazi, na kazi imekaguliwa ikakubalika. Kisha anaambiwa alete risiti ya mashine kwanza, ndipo malipo yaandaliwe. Anaitoa. Tangu saa ile, kwa mujibu wa maandishi, ameuza, na mauzo hayo yameingia katika hesabu yake ya mwaka. Lakini mkononi hana kitu. Malipo yakichelewa mwezi, au miezi mitatu, mwenye mbao hatapokea risiti badala ya fedha, wala mtoto wa seremala hatashiba kwa karatasi. Mzigo huzidi kwa aliyesajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, maana sheria ya mwaka 2014 huifanya kodi iwe imeiva kwa lile litangulialo: kutolewa kwa ankara, kufikishwa kwa mali, au kupokewa kwa malipo. Huyo hutakiwa kuikabidhi serikali kodi ya fedha ambayo serikali hiyohiyo haijampa.

Lugha yenyewe hukataa jambo hili. Stakabadhi, kukabidhi na kutakabadhi ni maneno ya shina moja, na shina hilo ni la mkono ushikao kitu. Stakabadhi ni neno la aliyepokea. Ankara ni neno la anayedai. Kumwambia mdai aandike stakabadhi ili apate kulipwa ni kumwambia akiri kupokea asichokipokea. Sheria iliyokusudiwa kufundisha ukweli huanza, katika mazoea hayo, kwa kumfundisha raia kuandika uongo mdogo, na kumwonyesha ya kuwa uongo huo ndio njia iliyonyoka. Atakayezoea kuandika uongo mdogo kwa amri atashangazwa na nini akiombwa aandike mkubwa kwa hongo?

Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaijua stakabadhi iliyo bora kuliko hiyo. Katika biashara ya korosho, tangu mpango wa stakabadhi ghalani uanze nchini mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake katika chama chake cha ushirika, ukapimwa, akapewa hati. Hati hiyo haisemi ya kuwa mkulima amelipwa. Husema ya kuwa mzigo wake umepokewa, na kwa hiyo yuko mtu anayewiwa. Mpango huo una kasoro zake, na malipo yake nayo yamepata kuchelewa. Lakini hati yake husema kweli, kwa kuwa huandikwa na upande uliopokea.

Kanuni hiyo ni ya kale. Katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara inahusu deni la muda maalumu. Inaagiza deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na ya kuwa anayewiwa ndiye atakayetaja maneno ya kuandikwa. Hekima yake hufahamika hata kwa msomaji asiye wa dini hiyo. Mdai hahitaji kulazimishwa kukumbuka. Anayewiwa ndiye mwepesi wa kusahau. Kwa hiyo kalamu iliwekwa karibu na kinywa chake.

Itajibiwa ya kuwa serikali si mtu. Fedha zake hutoka kwa utaratibu na haziwezi kutolewa bila hati. Jibu hilo lina haki, lakini hati inayohitajika ni ankara ya muuzaji pamoja na hati ya mnunuzi ya kuwa mali imepokewa tarehe fulani. Stakabadhi na ifuate fedha. Wala kodi haitatoroka, kwa maana serikali inapomlipa mwuza bidhaa hukata 2% kwa kodi ya zuio kabla fedha haijamfikia. Na kama mtambo waweza kuandika dakika ambayo muuzaji mdogo ameuza, mtambo huohuo waweza kuandika siku ambayo mnunuzi mkubwa amewiwa, na kuzihesabu siku hizo mbele ya watu wote.

Nachingwea ina kumbukumbu inayofaa hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali pake. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ya pauni karibu 36,000,000 ikafutwa katika vitabu. Mwenye nguvu alijisamehe kwa mstari mmoja wa kalamu. Seremala aliyekosa risiti moja hana kalamu ya namna hiyo.

Basi wajibu wa kuandika ni wajibu mwema, na mtu mdogo asiukimbie. Lakini wema wake hukamilika pale unapowafunga wawili. Dawa ya deni ni kulipa, na kabla ya kulipa ni kukiri. Dola iliyomtaka raia wake akiri kila shilingi aliyoipata haijidhalilishi ikikiri, kwa maandishi na kwa tarehe, kila shilingi ambayo haijamlipa.