Pima Kabla ya Kugusa

Mjukuu wangu, mama yako ameniambia chumba chako kimejaa bodi za redio mbovu, chaja zilizokufa na vimota ulivyovitoa kwenye magari ya kuchezea. Amenilalamikia, lakini mimi nimefurahi. Mtoto anayefungua kitu ili aone kinavyofanya kazi asikatazwe. Ila yapo maneno ambayo lazima uyasikie sasa, kabla hujatoka kwenye betri ukaingia kwenye soketi ya ukutani.

Betri mbili za tochi zina volti tatu. Ukikosea kuunga, kitaungua kijitaa chako na wewe utabaki salama, kisha utachukua kingine na kujaribu tena. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Betri hizo zinauzoesha mkono wako kugusa kwanza na kufikiri baadaye, na mazoea hayo ukiyapeleka kwenye umeme wa nyumba hutapata nafasi ya kujaribu tena.

Chukua daftari lako la fizikia, fungua kanuni ya Ohm mliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Umeme wa ukutani ni volti 230. Mwili wenye ngozi iliyolowa jasho unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Gawanya. Unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Sasa ujue kwamba vile vifaa vya kukata umeme unaovuja, vinavyowekwa majumbani kulinda watu, vingi vimepangwa vikate mkondo ukivuja miliampea 30, kwa sababu kuanzia kiasi hicho, ukipita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Hesabu ya mistari miwili, mjukuu wangu, na jibu lake ni uhai wako.

Tena usidhani kuchomoa plagi kunatosha. Ndani ya chaja ya kompyuta au televisheni, umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti kama 325 na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Plagi ikishachomolewa, kapasita hiyo inaweza kubaki imejaa. Unaona kifaa kimezima, unapitisha kidole, inakurusha. Kwa hiyo subiri, kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri, ndipo uguse. Na TV za chogo ziache kabisa, maana tyubu zake huweza kubeba zaidi ya volti 20,000. Maikrowevu ndiyo usiilegeze hata skrubu moja, hata ukiikuta imetupwa jalalani.

Betri za simu nazo zina mambo yake. Seli ya lithiamu ya kawaida haitakiwi kupita volti 4.2. Ukiiunga moja kwa moja na chaja ya volti 5 bila saketi ya kuidhibiti, unaweza kuwasha moto ambao hutaweza kuuzima. Ukiona betri imevimba, usiitoboe wala usiichaji tena. Itoe nje ya nyumba, mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua. Unapolehemu fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa waya wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi.

Nimesikia pia kwamba unakesha na waya halafu unasinzia darasani, na ukiulizwa unamtaja William Kamkwamba wa Malawi, eti alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme bila shule. Msome vizuri. Shule aliiacha kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2002, na kilichomuuma ni kuikosa. Akaenda maktaba ya shule ya msingi ya Wimbe, akajifunza umeme kwenye kitabu cha Kiingereza kilichomtoa jasho. Alipofikisha umeme nyumbani kwao, aliona hatari ya waya kugusana na kuleta moto, akatengeneza sakiti breka yake mwenyewe kwa misumari na sumaku. Kisha akarudi shule, na mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Wewe ada yako imelipwa na mwalimu yupo mbele yako.

Lakini linaloninyima usingizi zaidi ni sifa. Ulitengeneza redio ya jirani, na sasa mtaa mzima unakuita fundi. Leo wanaleta redio, kesho watakuomba uongeze soketi chumbani, keshokutwa watakutaka ushike waya zinazoingia kwenye mita ya LUKU. Watu wazima watakuomba hivyo kwa sababu wewe ni rahisi kuliko fundi mwenye leseni, na kwa umri wako ni vigumu kumkatalia mtu aliyekusifu jana. Wakatalie. Redio ya betri tengeneza, taa ya sola ya volti 12 itazame mimi nikiwa karibu. Waya wa nyumba ya mtu usiuguse. Wakikuuliza sababu, waambie babu amekataza, na wakitaka kununa, wanijie mimi.