Taja Kilo Zako, Kisha Uchague Kaiti

Nenda Bissil siku ya soko, usimame kando ya ua wa ng'ombe. Fahali mnene akiingia, hakuna anayemcheka. Wanunuzi humzunguka, humpapasa mgongo, na bei hupanda. Sasa rudi Kitengela, umwombe mtu wa kilo 108 apande mizani mbele ya watu. Atatania, atakwepa, mwishowe atasema mizani yenyewe ni mbovu.

Mtu huyo alikuwa mimi, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue kaiti isiyonifaa.

Kaiti, kwa asiyeijua, ni ile tiara kubwa inayojazwa hewa kwa pampu. Ukiwa Diani utaiona angani, na chini yake mtu aliyesimama juu ya ubao akikata maji kama mkizi. Rafiki yangu mwembamba alikuwa anauza yake ya mita za mraba 9. Aliniuliza, "Una kilo ngapi?" Nikamjibu, "Tisini hivi." Nilijipunguzia kilo 18 kwa neno moja, nikalipa, nikateremka pwani. Siku tatu nilishinda majini pale Galu. Kila nilipojaribu kusimama, ubao ulizama kama sinia, nami nikakaa kitako ndani ya maji ya kiuno huku vijana wa kilo 60 wakinipita wakipiga mbinja. Nikarudi Kitengela nikiamini kwamba bahari haitaki watu wa mwili wangu.

Haikuwa hivyo. Bahari haikujua lolote kuhusu mwili wangu, kwa maana hata aliyeniuzia kaiti sikumwambia ukweli.

Manahodha wa pwani hii walijua, kabla ya kaiti kuzaliwa, kwamba tanga hufuata uzito. Jahazi lililojaa shehena halipewi tanga la ngalawa. Hakuna anayelitukana jahazi kwa kuwa zito. Hupewa tanga la kiasi chake, likang'oa nanga. Nasi wa Kajiado tuna ushahidi wetu nyumbani. Mitambo ya kwanza ya upepo ilisimama Ngong mwaka 1993. Leo kule Kipeto ipo 60, na kwa pamoja inaweza kutoa megawati 100. Kabla ya kusimika mitambo ya namna hiyo, wahandisi hupima upepo wa mahali, ndipo wakachagua urefu wa mapanga. Hesabu kwanza, ununuzi baadaye.

Basi, ndugu yangu mnene, dada yangu mwenye mwili wako kamili, tupige hesabu bila haya. Rafiki yangu ana kilo 72 na anatumia mita 9. Mimi nina kilo 108, yaani yeye mara moja na nusu. Katika upepo uleule, nami nahitaji kaiti yake mara moja na nusu, yaani mita 13 na nusu. Nilikuwa nimeingia baharini nikipungukiwa na theluthi ya tanga! Siku zote tatu nilijilaumu kwa udhaifu wa miguu, kumbe kosa lilikuwa la kugawanya na kuzidisha.

Ukitaka kanuni ya kuanzia, chukua kilo zako, zidisha kwa 2.2, kisha gawa kwa kasi ya upepo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Mtu wa kilo 100 katika noti 16 anapata karibu mita 14. Upepo ukifika noti 20, anapata mita 11. Ndiyo maana mtu wa uzito huo anayetafuta kaiti yake ya kwanza kwa pwani yetu hutazama kati ya 12 na 14. Kama likizo zako ni za Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, pepo nyingi ni za wastani, na ile ya 14 itakufanyia kazi siku nyingi zaidi. Kama unateremka wakati wa Kusi, miezi ya Juni hadi Septemba, pepo huwa nzito zaidi. 12 itakutosha, na zitakuwepo siku ambazo hata hiyo itabaki mfukoni.

Lakini sikiliza hapa kwa masikio yote mawili. Kuwa mzito si ruhusa ya kujitwika kaiti kubwa kuliko zote dukani. Upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 20, mvuto hauongezeki kwa theluthi tu. Huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, kwa sababu nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi yake. Tena kaiti kubwa hugeuka polepole, na ikishaanza kukuvuta haikuachi upesi. Kilo zako hazitakukinga na hilo.

Siri ya mtu mzito iko chini ya miguu. Ongeza ubao kabla ya kuongeza kaiti. Mbao ambazo wengi hutumia zina urefu wa sentimita 136 au 138 hivi. Wewe tafuta wa sentimita 150 na zaidi, wenye upana wa 45 au zaidi. Ubao mpana hukunyanyua mapema, huteleza katika upepo mdogo, na hukusaidia kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, maana anayeshindwa kubisha hurudi alikotoka kwa miguu, ubao kwapani. Nilipopanda ubao mpana kwa mara ya kwanza, nikiwa na kaiti ya 14, nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

Na ukidhani uzito ni mzigo tu, kumbuka Olimpiki ya Paris ya 2024, ambako mbio za kaiti ziliingia kwa mara ya kwanza na kufanyika Marseille. Katika miaka ya maandalizi, wanaume wengi wa mbio hizo walikula kwa bidii ili waongeze kilo. Mwili mzito hushindana na mvuto wa kaiti bila kung'olewa, na huweza kushikilia nguvu ambayo mwembamba angeiachia. Kile unachokificha chini ya shati pana, wenzako walikuwa wanakitafuta mezani!

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa nitawaomba radhi, kwa sababu kaiti lazima ichaguliwe. Chukua ya kujazwa hewa iliyotengenezwa kwa wanaoanza, inayopoteza nguvu papo hapo ukisukuma mpini, na inayoinuka kwa urahisi baada ya kuanguka majini. Zikwepe kaiti za zamani, za kabla ya 2005 hivi, hata ukipewa kwa bei ya sukuma wiki; nyingi zake hazipunguzi nguvu vya kutosha. Rahisi huvunja upishi, na huku huvunja pia mbavu.

Ikiwa ni ya mitumba, ipulize mpaka iwe ngumu, uiache saa kadhaa, kisha ubonyeze mrija wa mbele. Ikilegea, ina tundu au vali inavuja. Kikunje kitambaa kwa vidole: kilicholainika kama kanga kuukuu kimeliwa na jua. Zinyooshe kamba zote pamoja uone kama zinalingana. Halafu uvute kifungulio cha dharura kwa mkono wako mwenyewe, mara tatu, hapo hapo mbele ya muuzaji. Kisipofunguka kwa wepesi, mwachie kaiti yake. Usisahau mkanda unaokuunganisha na kaiti: kama tumbo limetangulia, mkanda wa kiunoni utapanda hadi kifuani. Ule wa kukalia, unaopita mapajani, hukaa mahali pake.

Kabla ya kununua chochote, jifunze kwa mwalimu mwenye cheti, na umtajie kilo zako kwanza, kabla ya jina. Huku nyumbani unaweza kuzoeza mikono kwa kaiti ndogo ya mazoezi, ya mita 2 au 3, kwenye uwanja mtupu ulio mbali na nyaya za stima na barabara. Upepo wa tambarare zetu huja kwa vishindo, basi ile kubwa iache ingoje bahari. Na bahari yenyewe uifuate kwa kalenda ya mwezi: wakati wa bamvua maji hupwa mbali mno ukabaki na mchanga na mawe.

Safari si ndefu kama unavyojidanganya. Tangu 2017 treni ya Madaraka inapita karibu nasi, na ile ya vituo inasimama Athi River. Ukishuka Miritini, umebakiza kuvuka ng'ambo hadi Ukunda. Mwili wako umeshabeba magunia, umeshasukuma matatu iliyokwama kwenye matope ya udongo mweusi, umeshalea watoto migongoni. Hautashindwa na kamba nne na ubao.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, panda mizani. Soma namba yote, usiikate mkia. Iandike kwenye karatasi, izidishe kwa 2.2, uigawe kwa 16, kisha uniambie umepata mita ngapi. Hiyo ndiyo saizi ya tanga lako. Nahodha hasafiri na tanga la kuazima, na jahazi lako, mzee, limeshapakia siku nyingi.