Jina Likibadilika, Nani Anavuka Mpaka?

Tukiandika juu ya desturi za jina, mara nyingi tunaishia kwenye kuzaliwa: nani anampa mtoto jina, siku gani, mbele ya nani. Kisha tunafunga daftari. Lakini jina linaendelea kuishi, na kwetu Uvira jina ni msafiri. Linapita Kavimvira kwenda Gatumba na Bujumbura, linapanda boti Kalundu kwenda Baraka au Kigoma, na kila mahali kuna mtu anayelisoma kwenye karatasi, kisha anamtazama mwenye karatasi usoni. Swali lake tunalijua sisi wote: “Papa, ni weye huyu?”

Swali hilo ni la mtu wa mpaka anayefanya kazi yake, lakini sisi tunaona ni swali la hekima pia. Tuseme mtu amebadilisha jina kwa sheria. Amesimama mbele ya hakimu, amepewa hukumu, ametengeneza paspoti mpya. Anapojibu “Ndiyo, shefu, ni miye,” anasema juu ya nani? Deni alilolikubali kwa jina la kwanza, ndoa aliyoifunga, kiapo alichoapa, vyote vinavuka pamoja naye ama vinabaki ng'ambo?

Wazee wetu hawakuogopa mtu kuwa na majina mengi. Hapa kwetu mtoto anaweza kuitwa Safari kwa sababu mama alimzaa njiani, au Masumbuko juu ya mwaka ule ulikuwa mbaya, au Riziki, au Mapendo. Ndugu zetu Warundi wakipata mapacha wanawaita Bukuru na Butoyi, na mtu yeyote akisikia anajua wako wawili. Si lazima jina la baba limfuate mtoto. Na mwanamke akishazaa, kartie nzima inamwita Mama Bahati, hata wakwe zake, mpaka wengi hawajui tena jina alilotoka nalo kwa baba yake. Muulize jirani yake wa miaka kumi: “Mama Bahati jina yake ya kweli ni nani?” Atacheka. Ile ya Mama Bahati, kwake, ndiyo ya kweli.

Kilichofanya majina hayo yote yasilete shida ni kwamba watu walewale waliolijua la zamani ndio walioanza kuita jipya. Mabadiliko yalifanyika machoni pao. Aliyemkopesha binti akiwa hajaolewa alijua vizuri ni nani anayeitwa leo Mama Bahati, na njia ya nyumba yake anaijua.

Kisha Leta ikaingia katika jambo hili kwa nguvu. Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaire. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni yakakatazwa. Padre aliyembatiza mtoto wa Zaire kwa jina la kizungu alitishwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikapanga mambo ya majina ya watu. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, wengi wakaanza tena kuandika Joseph na Marie mbele za watu. Mei 1997 inchi yenyewe ikarudia jina la Kongo.

Mfikirie mzee mmoja aliyezaliwa mwaka wa 1950 kule Albertville, aliyebatizwa Albert, raia wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka wa 1966 mji wake uliitwa Kalemie. Mwaka wa 1972 Albert ilifutwa kwenye karte yake. Inchi iliyoandikwa juu ya karte ilibadilika zaidi ya mara moja. Inawezekana mzee huyo hakuhama hata nyumba, wala hakuomba lolote kati ya hayo. Siku akipeleka makaratasi yake ili apate paspoti, shahada ya shule inasema hivi, cheti cha ubatizo kinasema vile, na kijana wa biro anamwangalia kama mwizi.

Hatusemi kila kitu cha wakati ule kilikuwa kibaya. Watu wengi wa rika lile walianza kuyaona majina ya babu zao kuwa ni heshima, na hiyo si kitu kidogo. Ubaya, kwa maoni yetu, ulikuwa katika kuamriwa. Jina lilibadilishwa na mtu wa mbali asiyemjua Albert, kwa siku moja na watu wote wa inchi, hata hapakuwa na nafasi ya kila mmoja kusema mbele ya jamaa yake: kuanzia leo mniite hivi.

Sheria tuliyo nayo leo ina akili zaidi kuliko watu wanavyoisifu. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na inakataza mtu kubadilisha jina lake, ama maandishi yake, ama hata mpangilio wake, kwa kutaka tu. Anayetaka aende kwenye tribinali ya amani ya mahali anapokaa, aonyeshe sababu ya haki. Akikubaliwa, hukumu inaandikwa pembeni mwa cheti chake cha kuzaliwa. Tazama vizuri neno hilo: pembeni. La zamani halikwanguliwi. Linabaki pale, na jipya linakaa kando yake, kama majirani wa Mama Bahati wanaokumbuka yote mawili.

Tabu ni kwamba msafiri habebi daftari la etasivili. Anabeba karte. Kwa miaka mingi karte ya mchaguzi ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu, ile ya 2005, kisha ya 2011, na nyingine zilizofuata mpaka ya 2023, na kila safari jina liliandikwa upya na kijana mwingine, kwa sikio lake. Huyu anaandika l, yule anaandika r. Tusishangae sana: mto wetu wenyewe upande huu ni Ruzizi, upande wa Burundi ni Rusizi, na maji ni yaleyale. Lakini mtu hana bahati ya mto. Herufi moja ikitofautiana kati ya tikiti ya ndege na paspoti, anaweza kurudishwa. Halafu mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipobomoa manyumba, yalichukua pia vyeti vilivyofungwa ndani ya masanduku. Aliyekuwa na majina mawili akapoteza karatasi pekee iliyosema kwamba hayo mawili ni mtu mmoja. Kwa hiyo aliyepata hukumu ya jina, tunamwomba asitupe paspoti ya kwanza, na atembee na nakala ya hukumu.

Sasa tuje kwenye uzito wa jambo. Wako wanaobadilisha jina ili wasipatikane. Ameacha deni Uvira, ameacha mke na watoto, anatokea mji mwingine na jina lisilojulikana. Huyo hata akiwa na muhuri wa hakimu, hatuoni ugumu wa kumhukumu: amechukua sheria akaifanya pazia.

Wako wengine. Hapa kwetu jina linaweza kusema kabila la mtu kabla hajafungua kinywa, na katika vita vya 1996 na vya 1998 kuna vizuizi ambako karatasi ilisomwa kwa sababu hiyo tu. Mtu aliyetaja jina lingine ili apite akiwa hai, tumwite mwongo? Sisi hatumwiti. Ukweli ni deni kwa mtu anayeuliza kwa haki, na yule wa kizuizini hakuuliza kwa haki. Tunajua wapo wenzetu katika chama wanaosema uongo ni uongo. Tumebishana nao, na tutabishana tena.

Lakini shida ya kweli inaanza baadaye. Oktoba 1996 vita vilipofika Uvira, wengi walivuka ziwa. Mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika mkoa wa Kigoma, ikajaa watu wa Fizi na Uvira. Chukua mfano wa mtoto aliyepotezana na wazazi njiani. Mama mmoja jirani anamshika mkono, na kwenye meza ya kuandikisha anamtaja kuwa wake, ili wasitenganishwe. Anaandikwa kwa jina la nyumba ya yule mama. Anakula kwa jina hilo, anasoma kwa jina hilo, na baada ya miaka mingi anapelekwa Marekani kwa jina hilo, juu ya hati ya safari. Anapofika wakati wa kupokea uraia, sheria ya kule inampa nafasi ya kuomba jina lingine mahakamani. Anaomba jina la baba yake aliyebaki Uvira, ambaye kaburi lake halijulikani. Anapewa. Paspoti yake mpya inasema ukweli wa kuzaliwa kwake.

Je, ametenda haki? Kwa baba, ndiyo, na ukoo utafurahi. Lakini yule mama wa Nyarugusu alimpa jina lake wakati jina lilikuwa sahani ya chakula. Akisikia kwamba mtoto amelivua, ataumia, na hatuwezi kumwambia hana sababu. Tungekuwa wazee waliokaa kusikiliza jambo hilo, tusingemzuia kijana kuchukua jina la baba. Tungemtaka kwanza ampigie mama simu, kabla ya kwenda mahakamani, amwambie kwa kinywa chake, mbele ya wale watoto wengine waliolelewa pamoja. Na akija Uvira kututembelea, afike Kavimvira na paspoti yake ya jina la baba, akiulizwa “ni weye huyu?” ajibu ndiyo bila kuogopa. Hukumu ya mahakama aiweke ndani ya begi. Katika karatasi ile jina la yule mama bado linasomeka, mstari mmoja juu ya jina jipya.